Shangazi, DVD tumenunua kwa hela yetu. Nakala ya nyumbani nayo ni wizi?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tabata. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda Tunduma na mara nyingine anavuka mpaka hadi Lusaka. Hii ni wiki ya tatu nyumba yangu haina amani, na chanzo chenyewe nikikutajia utacheka: muvi.

Baba Salma ana ugonjwa wa DVD orijino. Wenzake wakishusha mzigo wanajua pa kwenda, yeye anapita Kariakoo. Feki hataki kuiona. Akishika kasha analigeuza nyuma, anatafuta stempu ya TRA, wale wa mapato, anaikwangua kwa ukucha aone kama imebandikwa kweli au imechapwa pamoja na kava. Alianza kununua kabla hatujaoana na sasa zimefika mia na kumi na kitu. Nyingi ni Bongo muvi, kuna za Kinaijeria, na tano za Kizungu alizotumiwa na rafiki yake aliyeko Uingereza. Hizo tano deki yetu haijawahi kuzisoma hata siku moja, yeye anazitunza tu.

Sasa Shangazi, vumbi la Tabata unalijua, na watoto wangu huwajui. Huyu wa mwisho ana miaka minne. Siku moja nilimkuta uani anapika kitoweo cha udongo, sahani yake ni DVD ya baba yake. Nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta kwa khanga, ikacheza. Ila ikifika dakika ya 47, pale mwanaume anaposhika kitasa cha mlango, picha inaganda, inakatikakatika kama vigae, halafu inaruka. Ikirudi, mke analia sebuleni na mtu mwingine kaketi kwenye kochi. Alivyoingia hatujui mpaka leo.

Nikaona hizi mali zitaisha moja moja. Baba Salma akiwa safarini nikachukua hela yangu ya kikoba, nikanunua eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia muvi, nikachambua DVD 64 tunazozipenda pamoja na zile tano za Uingereza, nikazitia kwenye mfuko na kumpelekea kijana mwenye laibrari ya muvi hapa mtaani. Yeye kazi yake ni kuwawekea watu muvi kwenye flashi, moja jero. Kwa kazi yangu akanitoza elfu ishirini. Zile tano akasema zina kufuli ila dawa yake anayo, akaongeza elfu tano. Siku ya tatu nikazifuata. Televisheni yetu ina tundu la flashi, nikachomeka eksteno, watoto wakapiga vigelegele. DVD zenyewe nikazipanga juu ya kabati, mlango nikaufunga kwa ufunguo.

Baada ya kama wiki mbili jirani yangu akanikaribisha kwake jioni, tunaangalia muvi huku tunachambua mchele. Akachomeka flashi. Ikaanza, nikaona ni ile ile, nikajinyamazia. Ikafika dakika ya 47. Mwanaume kashika kitasa, picha ikaganda. Vigae vile vile, mruko ule ule, mke sebuleni analia. Nikamuuliza umeitoa wapi. Akanijibu bila wasiwasi, “Kwa yule dogo wa laibrari, ameshusha mzigo wa zamani, picha safi kweli, ila hii ina kasoro kidogo.”

Kosa langu ni kwamba nilimwambia mume wangu siku aliyorudi, tena Jumapili, na wifi yangu alikuwa amekuja kula. Nilidhani hasira itakwenda kwa yule kijana. Baba Salma akanigeukia mimi: “Umegawa muvi zangu mtaa mzima!” Wifi naye, ambaye anafanya kazi ya mavazi kwenye filamu, akaweka kijiko chini. Akasema dogo ni mwizi lakini mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na kwamba hata hiyo eksteno ndani ya nyumba ni wizi. “Mmenunua moja, sasa mnazo mbili. Ya pili mmemlipa nani? Nyie ndio mnaofanya sisi tukeshe kwenye shuti kwa chai na chapati, halafu hela tunaambiwa muvi haijauza.” Akaondoka kabla ya matunda. Jioni akatuma kwenye grupu la familia sauti ya dakika nne. Mama mkwe ameisikia, na ninajua ameisikia kwa sababu tangu siku hiyo hajanipigia.

Baba Salma alitaka kuifuta eksteno yote. Nikamsihi. Sasa sikia maajabu: juzi anajiandaa na safari, akaniita chumbani, sauti ya chini, eti nimwekee muvi kumi kwenye simu, maana foleni ya Tunduma inaweza kumlaza siku mbili. Nilibaki nimekodoa macho.

Shangazi, nimevunja sheria au sijavunja? Tuifute au tuiache? Na huyu kijana, na wifi yangu, nifanyeje?

Mama Salma (si jina langu), Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya hicho kitasa tu. Wanasheria wanalipwa mamilioni kuthibitisha kwamba nakala fulani imetoka kwenye DVD fulani. Wewe umepata ushahidi kwa mtoto wa miaka minne na sufuria ya udongo.

Nianze na eksteno, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. (Zanzibar wana sheria yao na chombo chao, COSOZA, kwa hiyo shoga yako wa Unguja asichukue jibu hili kama lilivyo.) Sheria hiyo inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani anakili, nani anauza, nani anaonyesha hadharani. Halafu kifungu cha 12 kinataja matumizi ambayo huhitaji kuomba ruhusa wala kulipa tena, na mojawapo ni kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, kwa matumizi binafsi ya mtumiaji mwenyewe tu. Hilo neno “tu” lishike vizuri, tutarudi kwake.

Kwa hiyo mkinunua DVD halali, mkaweka nakala kwenye eksteno ili muiangalie nyinyi na watoto wenu sebuleni, DVD yenyewe ikabaki juu ya kabati, mimi siwezi kukuita mwizi, na sidhani kama kuna ofisa wa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki ya huku Bara, atakayeacha kazi zake kuja Tabata kukuuliza. Wifi yako anauliza ya pili mmemlipa nani. Mtu haangalii DVD mbili kwa wakati mmoja. Ile nakala haijachukua nafasi ya mnunuzi yeyote. Hakuna aliyekuwa njiani kwenda Kariakoo akarudi kwa sababu ya eksteno yako.

Lakini usianze kushangilia. Wewe nakala hukutengeneza. Ulimpelekea mfanyabiashara DVD 64 na nyingine tano kwenye mfuko, ukamlipa elfu ishirini na tano, ukamwachia siku mbili bila kumuuliza kinachobaki kwenye kompyuta yake. Sheria inamzungumzia mtumiaji na matumizi yake mwenyewe. Mtu wa kati anayelipwa kunakili, na ambaye biashara yake ya kila siku ni kuuza nakala, hayumo kwenye hilo neno “tu”. Ungeazima kompyuta yenye mlango wa DVD kwa ndugu, ukakaa nayo jioni tatu nne nyumbani, leo usingekuwa unaniandikia. Mguu wako uliteleza hapo, na ni kuteleza ambako karibu Dar nzima tumekufanya.

Nami nisijitoe. Nikiwa msichana nilikuwa na kanda ya kaseti ya dakika 90, nakaa mbele ya redio, kidole kwenye kitufe, nasubiri mtangazaji wa Radio Tanzania anyamaze ili wimbo uingie safi. Hakunyamaza kamwe, kila wimbo wangu una sauti yake mwanzoni. Na ukiwa na hela kidogo ulikuwa unakwenda kwenye duka la kurekodi na orodha yako ya nyimbo, unaacha kanda tupu, jioni unaifuata imejaa. Dogo wa laibrari ni mjukuu wa maduka yale. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1984, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa inaamua kama mtu anayerekodi kipindi cha televisheni kwa deki ya Sony ili akiangalie baadaye amevunja hakimiliki. Majaji watano walisema hajavunja, wanne walisema amevunja. Ilibaki kura moja tu. Sisi huku Bara wakati huo hata televisheni hatukuwa nayo.

Nakutajia hilo ujue kwamba ugomvi wenu wa Jumapili watu wazima wenye majoho wameugombania pia, tena hawakubaliani. Kipo kisa cha Ufaransa nikikisoma nakumbuka familia zetu. Mnunuzi mmoja alinunua DVD, akataka kuihamishia kwenye kanda ya video ili aiangalie nyumbani kwa wazazi wake, ambao deki yao ilikuwa ya kanda. DVD ikakataa, imewekewa kizuizi. Akaenda mahakamani akisaidiwa na chama cha watetezi wa walaji. Mahakama ya rufaa ya Paris ikampa ushindi mwaka 2005. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ikautengua: nakala za kidijitali, ilisema, zinaweza kuharibu soko la kawaida la DVD, na ruhusa ya nakala binafsi haiwezi kumzuia mwenye kazi kuweka kizuizi. Mtoto wa watu alitaka kukaa na wazazi wake waangalie muvi! Uingereza nao waliruhusu nakala binafsi Oktoba 2014, wanamuziki wakaishtaki serikali, na Julai 2015 ruhusa ikafutwa na mahakama. Kwa hiyo hata huyo rafiki yake Baba Salma aliyetuma zile DVD tano, huko aliko kuziweka kwenye eksteno bila idhini hairuhusiwi.

Kipimo kilichotumika Ufaransa hakitoki mbali na sisi. Kiko kwenye Mkataba wa Berne, ambao Tanzania tuliingia mwaka 1994: nchi inaweza kuruhusu kunakili katika hali maalumu, mradi nakala isigongane na biashara ya kawaida ya ile kazi na isimuumize mwenye nayo bila sababu ya haki. Ukiipima eksteno yako kwa mizani hiyo inasimama. Kompyuta ya dogo haisimami hata dakika moja.

Zile tano za Uingereza ni habari nyingine. Mwambie mumeo kwanza kwamba hakuletewa feki. DVD zimegawanywa dunia nzima kwa namba za maeneo. Uingereza iko namba 2, sisi tuko namba 5, na deki yenu inafuata namba yake kama askari wa getini. Juu ya hapo DVD nyingi za makampuni makubwa ya nje zina kufuli la kielektroniki ndani yake, na ile “dawa” ya elfu tano ni programu ya kulivunja. Programu ya kwanza iliyopata umaarufu kwa kazi hiyo ilitoka mwaka 1999, na aliyeshtakiwa kwa ajili yake ni kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na miaka 15 ilipotoka. Alisema alitaka tu kuangalia DVD zake kwenye kompyuta yake. Mahakama ya Oslo ilimwachia Januari 2003, na ya rufaa ikamwachia tena Desemba mwaka huo huo, kwa kuwa DVD alizinunua kihalali na alikuwa na haki ya kuziangalia. Marekani, kwa upande wao, sheria yao ya mwaka 1998 inakataza kulivunja kufuli hilo hata kama DVD ni yako. Unaona? Ruhusa ya kunakili ni kitu kimoja, ruhusa ya kuvunja kufuli ni kitu kingine, na zipo nchi zinazotoa ya kwanza na kukunyima ya pili. Mimi ningezifuta hizo tano kwenye eksteno, nikatafuta deki inayosoma namba zote. Zinauzwa. Na safari hii mumeo ataziangalia badala ya kuzipangusa vumbi.

Sasa Baba Salma. Mwanangu, huyu bwana nampenda bila kumwona, lakini “muvi zangu” aliyoisema Jumapili si sahihi. Alichonunua Kariakoo ni sahani ya plastiki, kasha, na nafasi ya kuangalia. Filamu yenyewe haijawahi kuwa yake. Ni ya mtayarishaji, au ya msambazaji kama mtayarishaji alimuuzia haki, na kwa Bongo muvi za DVD mambo mara nyingi yalikuwa hayo ya pili: msambazaji analipa mkupuo, anachukua kazi, anauza yeye. Ile stempu anayoikwangua kwa ukucha ilianza kubandikwa mwaka 2013, na ni stempu ya kodi. Inamwambia kwamba mzigo umepita njia halali. Haimpi umiliki wa kilichomo. Kwa hiyo aliyeibiwa mtaani kwenu si Baba Salma. DVD zake zote ziko juu ya kabati, umezifungia mwenyewe.

Hiyo ina maana pia kwamba hamwezi kwenda kumshtaki dogo kwa hakimiliki. Hamna hakimiliki ya kudai, na mkijieleza mbele ya mtu wa sheria swali la kwanza litakuwa DVD zilifikaje kwake. Mwenye kulalamika rasmi ni mwenye haki, na COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Ila kumfuata mnaweza. Nendeni wote wawili, asubuhi, kabla vijana hawajajaa benchini kwake. Usitangulie na matusi. Mwambie: “Tulikuletea kazi yetu, hatukukuletea bidhaa.” Mumeo asimame kimya nyuma yako, dereva wa lori akinyamaza anatosha. Mtake afungue kompyuta mbele yenu, atafute faili lenye muvi zenu, alifute, na aondoe kwenye kapu la taka pia, maana vijana hawa wanajua kufuta kwa kuzuga. Akibisha kwamba si zenu, omba akuwekee ile ya mtoto na uisogeze dakika ya 47.

Hatazirudisha alizokwisha kuwarushia watu. Hilo likubali. Na ukiwa pale mwambie jambo ambalo pengine hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwa upole: anachofanya kwa jero jero si uhuni wa mtaani tu, kunakili na kuuza kwa faida ni kosa la jinai kwenye sheria hiyo hiyo ya 1999, lina faini na lina kifungo. Simchukii. Anajua kompyuta, ana wateja, ana subira ya kukaa kwenye kibanda cha bati mchana wa Februari. Lakini makali ya sheria yameelekezwa kwake, na atakapokamatwa waliomnunulia muvi hawatamchangia dhamana.

Usije ukamwacha akakwambia kwamba serikali siku hizi inatoza tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia, kwa hiyo mambo yamelipiwa. Hoja hiyo nimeisikia na ina utamu wake. Wajerumani ndio walioanza, mwaka 1965: watu wananakili nyumbani, huwezi kuingia kila sebule, basi kata kidogo kwenye bei ya kifaa uwape wasanii. Na sisi tumeifuata njia hiyo. Lakini tozo ya namna hiyo inafidia nakala za sebuleni kama yako. Haimpi mtu leseni ya kufungua duka.

Wifi. Hapa usiingie kama mtu aliyeshinda kesi, hata kama kuhusu eksteno mimi nimesimama upande wako. Msikilize tena alichosema. Hakusema habari ya kifungu, alisema habari ya chai na chapati. Mfanya mavazi kwenye filamu zetu ndiye anayekwenda Karume kuchagua nguo za mitumba kwa hela yake, akiahidiwa atarudishiwa, na ndiye wa mwisho kwenye orodha hela ikipatikana. Dogo mmoja hakuiua DVD ya Bongo peke yake, simu na intaneti zimefanya kazi kubwa zaidi, lakini kila kibanda kilichouza kwa jero kile ambacho dukani kilikuwa kwa bei yake kamili kilichukua kipande. Yeye amekaa upande ambao kipande hicho kilikosekana. Halafu Jumapili anakuta kaka yake anagombania “muvi zangu” na wewe unamlaumu dogo, hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu aliyeitengeneza. Mimi pia ningeweka kijiko chini.

Mfuate kwake. Usimpigie simu, na kwenye grupu usijibu kitu, hata kimoja, hata kama mtu ataweka kale kakatuni ka kucheka. Mwambie kosa lako lilikuwa lipi: kumpelekea dogo. Hilo likiri kwa mdomo wako. La eksteno mweleze ulivyoelezwa, akikataa mwache akatae, majaji wa mahakama ya juu ya Ufaransa wako upande wake. Kama mtapatana, muulize filamu alizofanyia kazi zinapatikana wapi sasa. Watayarishaji wengi siku hizi wanaweka kazi kwenye chaneli zao za YouTube, na huko ukiangalia kwao wenyewe wanapata cha matangazo. Mkae naye siku moja muangalie moja, jina lake likipita mwishoni watoto walisome kwa sauti. Mama mkwe atapiga simu yeye mwenyewe baada ya hapo, wala usimtafute.

Na eksteno iacheni, ila iwe na adabu. Haiazimwi, haiendi kwa jirani, haiendi kwenye kibanda cha mpira kumsaidia shemeji Ijumaa moja tu. Mkiuza DVD au kuigawa, nakala yake mnaifuta siku hiyo hiyo, kwa sababu aliyeichukua amechukua na ile nafasi ya kuangalia.

Muvi kumi kwenye simu ya Baba Salma mwekee. Za kwake, anaangalia yeye, kwenye kabini ya lori lake, Tunduma, usiku. Hiyo ni matumizi binafsi kuliko hata sebule yako. Madereva wenzake wawili wakichungulia dirishani sitapiga kelele, ila asije akaunganisha kwenye televisheni ya baa au ya basi. Abiria hamsini si familia. Tatizo litakuja pale mwenzake atakaposema, “Kaka, nirushie hiyo,” na programu za kurushiana zimejaa kwenye kila simu, ni sekunde kadhaa tu. Mwambie ajiandae na jibu kabla hajafika Chalinze, maana mtu aliyekugombeza kwa kugawa muvi mtaa mzima hawezi kuzigawa foleni nzima.

Ile DVD ya sahani ya udongo usiitupe. Irudishe kwenye kasha lake na kava lake, ndiyo inayoonyesha kwamba nakala yenu ina mzazi. Na ukionana na wifi yako, muulize kama anamfahamu yeyote aliyekuwepo siku ile ya kurekodi. Niandikie, mwanangu, nami nataka kujua yule mtu wa kwenye kochi aliingiaje.

Shangazi